Siku Nilipanguza Kilima ya Papa Ngoie

Rafiki, leo ninasema na weye sawa muntu mwenye tulikula naye mu sahani moja. Sasa unakaa pa kiti yangu mu atelye, na kuna mambo yenye muntu hawezi kusema siku ya kuagana, wakati bantu beko na soda mu mukono na patroni anachungulia saa. Njo maana ninaandika. Muganga ya macho alisema: "Mama, ile ekran itakumaliza. Unaiacha, ao unapofuka." Bwana yangu aliogopa kama nitalia. Sikulia. Nililala vizuri, asubui nilienda ku misa, nilirudia ku nyumba, nililala tena. Mungu anisamehe, nilijisikia sawa muntu mwenye banamutua basani ya maji yenye ilikuwa ku kichwa.

Minye nilizaliwa hapa hapa Likasi. Mama yangu alikuwa anavunja mawe ku Kakontwe, na siye batoto tulijua uzito ya nyundo mbele ya kujua kuandika majina yetu. Masomo nilipata mangaribi, nikiisha kuolewa, mu chumba moja ya parokia, na mutoto ku mugongo. Ordinatere, njo kompyuta, zilikuwa ine, siye bamama tulikuwa kumi na moja. Hakuna mwenye alitaka kuwa wa kwanza. Mwalimu alisema: "Bamama, muguse tu, haiumake." Mama Béa, mwenye alikaa pembeni yangu, alimujibu: "Mbwa ya jirani pia haiumake, mpaka siku yenye itaanza." Tulicheka, kiisha tuligusa. Vile njo nilianza.

Ya Didier alinipokea mu atelye wakati atelye ilikuwa chumba moja, taa mbili, na mashini ya kuchapisha yenye ilikunywa wino sawa mugonjwa mwenye anaanza kupona. Njo patroni, lakini siku ya kwanza alisema: "Niite yaya, sawa kaka yako mukubwa. Patroni inanizeesha." Paka leo ninamuita yaya.

Kazi unaijua, lakini niiseme juu ya mwenye atasoma hii bila kutujua. Muchoraji analeta tablo yake, ile ya mukono. Tunaitundika ku ukuta, taa moja huku, taa moja kule, shuka nyeupe mbele ya kila taa ili mwanga isichome rangi, tunakamata foto. Mu ordinatere tunakata ile foto bipande bipande: mbingu peke yake, bantu peke yao, nyumba peke yake. Kiisha kliyan anakuja, anasema: "Ku saluni ya nyumba yangu kanape ya kukalia ni nyekundu na ukuta ni mrefu." Tunamubadilishia mbingu, tunaipanua, tunachapisha ku kitambaa, tunapigilia ku mbao. Tablo ya mukono inarudia ku mwenyewe. Uko unaingia ku hoteli, ku maternite pa kuzalia, ku ofisi ya avoka, muntu ya sheria, unaona kazi yetu ku ukuta na haujue ni yetu.

Bantu banaombaka bintu. Mama moja ya kanisa ya uamsho alipenda sana tablo ya mamba muntu, ile mwanamuke ya mu maji mwenye mukia ya samaki. Lakini alitaka tumuondoe mamba muntu. "Muache maji," alisema, "na ile kioo ya mu mukono yake. Kioo ni muzuri." Tuliacha kioo inasimama juu ya maji, hakuna mwenye anaikamata. Juma yenye ilifuata, mwenye baa alikuja: yeye alitaka mamba muntu bila maji. Nilisema mu roho yangu, Bwana, hawa bawili bangeonana, siye tungepumzika. Mwingine alitaka mbuzi ikuwe ya rangi ya mapazia yake. Tulimufanyia. Mbuzi haikulalamika.

Lakini siku ya kwanza sikugusa ordinatere. Nilipewa kitambaa. Hapa kwetu, muntu mwenye hapanguze meza asubui, mangaribi anaweza kuandika jina yake pale na kidole. Tablo zilikuja na vumbi nyekundu, zimetoka ku mangazini, ku chini ya kitanda, ku nyuma ya kabati. Vumbi mu foto ni sawa ugonjwa: mu ordinatere unaitoa nukta moja moja paka macho inalia. Njo nilipanguza mbele ya foto. Kitambaa ya maji, unaikamua sana, unaanza juu, unashuka. Bachoraji bengi banatumia rangi ya mafuta, ile ya makopo ya duka, na maji haifanye ile rangi kitu. Nilipanguza, nilipanguza. Bantu balikuwa banasema tablo ikipita ku mukono ya Mama Grâce, njo minye, inarudia na macho. Nilipenda kusikia vile. Kupenda kusifiwa ni mutego pia, lakini ile nilijua nyuma.

Sasa nikuambie juu ya Papa Ngoie.

Papa Ngoie ni muzee ya Kikula, mwenye alifanya kazi ku usine, ku kiwanda, maisha yake yote na alichora siku ya Mungu nyuma ya misa. Bibi yake wa ndoa alikufa zamani. Mutoto yake mwanamuke, Yvette, alikuwa anaolewa siku ya posho, njo Jumamosi, na nyuma ya ndoa alikuwa anaenda kuishi na bwana yake ku Kolwezi. Zawadi ya baba ilikuwa tablo moja, yenye ilikaa ku ukuta ya saluni yake tangu Yvette alikuwa mutoto. Ile tablo: bamama banatoka ku soko, banashuka mu njia, mabasani ku kichwa. Mama wa tatu ni bibi yake, na ku mugongo yake kichwa ndogo inatoka mu kitenge. Ile kichwa ni Yvette. Nyuma yao, kilima. Rafiki, ile kilima! Rangi ya majani yenye sijaonaka mahali pengine. Na haikuwa rangi moja. Chini ilikuwa nzito sawa sombe, majani ya muhogo, yenye inaiva, katikati nyepesi kidogo, juu sawa kabichi.

Ya Didier alimuomba Papa Ngoie ile tablo muda mrefu, muzee alikataa. Kwa mwisho, juu tablo inaenda mbali, alikubali tuikamate foto. Alituletea siku ine mbele ya ndoa, na alitupatia sheria yake pale ku mulango:

"Mbingu mubadilishe mukitaka. Bantu hapana. Bibi yangu hataenda ku hoteli kuvalishwa rangi ya bleu juu ya mapazia ya muntu."

"Papa, hatutagusa bantu," nilimujibu minye mwenyewe.

Na ni kweli, sikugusa bantu.

Kesho yake nilitundika tablo, nilikamata foto moja ya kujaribu taa. Taa zilikuwa vizuri. Vumbi ilionekana. Nilikamata kitambaa yangu, niliikamua, nilianza juu. Mbingu, muzuri. Bamama, nguo zao zilianza kucheka. Nilifika ku kilima. Nilipitisha mukono mara moja, kitambaa ilirudia na rangi ya majani.

Nilifikiri ni vumbi ya namna ingine. Nilipanguza mara ya pili ili nione. Ile ya pili njo ujinga yenyewe, ya kwanza Mungu anaweza kuisamehe haraka. Nusu ya kilima ilikuwa imebakia sawa ukuta yenye mvua inapiga.

"Yaya, kuja."

"Nini?"

"Kilima inatoka."

"Inatoka inaenda wapi?"

Alikuja anacheka. Aliona kitambaa mu mukono yangu, aliona tablo, alikaa chini, hakutafuta hata kiti. Kiisha aliuliza: "Foto ya kujaribu iko?"

"Iko."

"Toa vumbi mu ordinatere. Chapisha ku kitambaa, kipimo ile ile. Tunaipigilia ku mbao yake ya zamani."

"Yaya!"

"Mama Grâce, sikiliza. Macho ya muzee ni nusu. Mutoto anaenda Kolwezi. Nani atajua?"

Alijua jibu yangu, juu aliendelea yeye mwenyewe: "Ndiyo, Mungu anajua. Na Mungu anajua pia kama bachoraji bakisikia hii, kila moja atakuja kukamata tablo yake, na hii mulango tunafunga. Tuko bantu sita hapa. Sema kama ninadanganya."

Hakudanganya. Ile njo ilikuwa mubaya: alisema kweli juu ya kila kitu, isipokuwa kitu yenye alitaka tufanye.

Nilitii. Ninaiandika hapa bila kujificha. Nilikaa pa ordinatere, nilitoa vumbi nukta moja moja, nilichapisha. Ilitoka mu mashini polepole, bamama kwanza, kiisha kilima. Ilikuwa muzuri kupita ya mukono. Njo yenye iliniogopesha. Ingekuwa mubaya, ningejua pa kusimama. Ya Didier aliigusa na kidole. "Unaona?" alisema. Niliona.

Ku nyumba nilipika, niliwapa bantu chakula, niliomba. Niliomba Mungu anipatie njia muzuri ya kunyamaza. Kwa kawaida ananijibuka. Ile mangaribi hakusema hata neno. Nilijua tu kama siku ya posho Papa Ngoie atasimama mbele ya bantu na kumupa mutoto yake kitu, na atasema "hii mama yako alikuwa hai wakati niliichora," na itakuwa uongo mu kinywa ya muntu mwenye hakudanganya. Uongo yangu, lakini mu kinywa yake.

Asubui nilipita ku atelye mbele ya bengine. Nilifunga tablo ya mukono mu kitenge, ile ya mashini niliiacha pa meza. Nilimutumia Ya Didier neno ku telefoni: "Yaya, ninaenda ku Papa Ngoie. Ukitaka kunifukuza, unifukuze mangaribi, sasa niko mu njia."

Mu lupango, uwanja ya nyumba ya Papa Ngoie, batante, bashangazi ya Yvette, balikuwa banatoa kuku manyoya. Muzee alikuwa anakaa pa mulango.

"Karibu, mama. Umeileta mbele ya siku. Bantu ya kazi ni vile."

"Papa, nikae kwanza."

Aliniangalia. "Basi kaa."

Nilifungua kitenge. Nilisema yote, na ya mashini pia. Alivuta tablo karibu ya macho, alipitisha kidole pale kilima ilitoka, alinusa kidole.

"Ulitumia maji."

"Ndiyo, papa."

"Haukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Miaka yote unapanguza tablo ya bantu, na haujaulizaka hata moja imetengenezwa na nini?"

Rafiki, ile swali ninaisikia paka leo. Batante balikuwa banaacha kuku, banasikiliza.

"Ile ya mashini iko ku foto?" aliuliza. Nilimuonyesha ku telefoni. Aliangalia muda mrefu, alisogeza mbali, aliirudisha karibu. "Ni muzuri," alisema. "Ni ya soko. Lakini weye ulichapisha kilima ya rangi moja na kivuli. Yangu ilikuwa rangi tatu."

Aliingia mu nyumba. Nilifikiri anaenda kutafuta muntu ya kunifukuza. Alirudia na sufuria ya zamani, na ndani yake mawe. Mawe ya malakiti, ile ya rangi ya majani yenye kila mutoto ya hapa aliokotaka ku njia na kuitupia ndege.

"Hii njo kilima," alisema. "Niliisaga, niliiweka mu gundi ya mbao, ile ya kuchemsha. Gundi ile inaogopa maji. Bamama ya mu tablo ni rangi ya duka, kilima ni kilima. Sasa mikono yangu inatetemeka. Kuchora ninaweza. Kusaga hapana. Ndoa ni siku ya posho. Unajua kusaga?"

"Papa, mama yangu alivunja mawe ku Kakontwe."

"Basi hautapotea."

Nilisaga siku mbili. Kitambaa ya maji ku kinywa na ku pua, juu vumbi ya ile jiwe haiko chakula. Nyundo kwanza, kiisha kinu ya chuma, kiisha jiwe juu ya jiwe. Mangaribi bwana yangu alikuja kunichukua, alinikuta na mikono ya rangi ya majani paka ku kiwiko. Alisema: "Ulisoma mangaribi miaka yote ile ili urudie kuponda mawe?" Tante moja alimusaidia: "Huyu mama ni ya kupika ndoa ao ni ya mine ya mawe?"

"Ninapika kilima," nilimujibu.

"Basi ongeza chumvi!"

Pale njo nilifunzwa kitu yenye ordinatere haikunifunza. Ile jiwe moja inatoa rangi tatu. Ukiisaga kidogo, inabakia nzito. Ukiendelea, inakuwa nyepesi. Ukisaga sana, inakuwa sawa unga ya muhogo yenye muntu alitema majani ndani. Unaiweka mu maji, unakoroga: nzito inashuka kwanza, nyepesi inabakia juu, unaimwanga mu sahani ingine. Sahani tatu, kilima moja. Minye, juu ya kutaka kulipa kosa yangu, nilisaga kwa nguvu sana. Papa Ngoie alikuja kuchungulia.

"Mama, pole pole. Umeua rangi."

"Papa, nilitaka iwe laini."

"Laini ni ya pamba. Kilima iko na mifupa."

Mawe yalikuwa kidogo, na hakukuwa nafasi ya kutafuta ingine. Ile nzito, ya chini, haikutosha vile ilipaswa.

Siku ya pili Ya Didier alifika. Alisimama ku lango na shati yake ya ofisi, sawa muntu mwenye anakuja ku kilio na hajue jina ya marehemu. Chini ya mukono yake alikuwa na ile kitambaa ya mashini, ameikunja.

"Papa, nilitaka..."

"Ninajua yenye ulitaka," muzee alimukata. "Kamata kijiti, koroga gundi. Isiungue."

Ya Didier alikoroga. Hakuniangalia, na minye sikumuangalia, lakini tulipumua. Papa Ngoie alichora kilima. Mukono ilitetemeka hewani, lakini ikigusa tablo ilitulia. Sikujua kama mukono inaweza kufanya vile. Gundi inakauka haraka. Saa ya kuku kuingia mu sufuria, kilima ilikuwa imesimama tena nyuma ya bamama.

"Bado moja," muzee aliniambia. "Yvette utamuambia weye mwenyewe. Minye sikuipanguza."

Asubui ya ndoa nilimukuta Yvette anasukwa nywele, kichwa kati ya magoti ya rafiki yake. Nilimusimulia yote mara ya pili mu siku tatu. Bantu banasema mara ya pili ni rahisi, banadanganya. Tablo ilikuwa mbele yake. Aliangalia kilima.

"Mama, ile ya zamani ilikuwa nzito kupita hii."

"Ndiyo, mwanangu. Niliisaga sana."

"Na mama hakuguswa?"

"Hakuguswa."

Alisogea karibu, aliangalia mama wa tatu, basani yake, ile kichwa ndogo ku mugongo. "Basi," alisema, na alirudisha kichwa ku magoti ya musukaji. "Suka, tunachelewa."

Ku ndoa, Papa Ngoie alisimama na tablo mbele ya bantu. "Bamama hawa ni ya zamani," alisema. "Kilima ni ya jana. Mama mwenye aliisaga ni yule pale, musimuvute sana ku rumba, mikono yake inauma." Bantu balicheka bila kujua juu ya nini. Minye nilicheka pia, na machozi. Nilikula kuku ile siku kupita muntu yeyote.

Nyuma ya ndoa muzee alituita, Ya Didier na minye. Ukuta ya saluni yake ilikuwa tupu, na mahali ya tablo palionekana, rangi ya ukuta ingine kabisa. "Ile ya mashini iko wapi?" aliuliza. Ya Didier aliikunjua na haya. "Muitundike pale. Mulitaka kunipatia hii na kusema ni ile. Vile ilikuwa uongo. Sasa munanipatia hii na kusema ni hii. Vile ni tablo." Aliiangalia kidogo, kiisha alisema, taratibu, sawa kila kliyan mwenye nilimuona mu kazi yangu: "Lakini mbingu... hamuwezi kuifanya ya mvua kidogo?"

Tulimufanyia mbingu ya mvua. Na alituletea tablo zake zingine, moja nyuma ya ingine, na bachoraji bengine waliposikia hawakukimbia. Walianza kuandika nyuma ya kila tablo, na kalamu, imetengenezwa na nini. Unaona ile maandiko kila siku. Sasa unajua inatoka wapi. Na taa yetu ya tatu, ile ya pembeni yenye inapita chini chini juu ya tablo, ni ya nyuma ya ile kilima: nilitaka foto ione mifupa ya ile rangi, si rangi yenyewe peke yake. Brashi kavu ya manyoya laini, mu sanduku ya pili, njo ya vumbi. Kitambaa ya maji ni ya meza.

Ninaenda sasa, na roho nyepesi. Macho inapona kidogo kidogo, asubui ninasoma Biblia bila kuisogeza mbali. Kama ningenyamaza ile siku, ningetoka mu ile atelye na basani ingali ku kichwa.

Kwa hiyo ninakuomba, rafiki, usifungie hii karatasi mu kabati. Umusomee mwenye atakaa pembeni yako, na mwenye atakuja nyuma yako, na muchoraji mwenye ataleta tablo na woga. Bantu ya atelye zingine pia, wapatie. Na kama kuna moja kati yao mwenye aliharibu kitu ya muntu leo asubui na bado ananyamaza, umusomee yeye kwanza, wakati bado anaweza kufika mbele ya siku ya posho.